Feni tulivu za kompyuta: Namna ya kuchagua, kutoka Kariakoo hadi Masieda

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA ya mezani inayonguruma kama mashine ya kusaga imekuwa sehemu ya maisha ya ofisi nyingi nchini, kiasi kwamba watumiaji wengi wanaamini kuwa kelele hizo ni tabia yake ya kuzaliwa. Ukweli ni kwamba kelele hizo hutoka kwenye kifaa kimoja kidogo na cha bei nafuu kuliko karibu vifaa vyote vilivyomo ndani ya kasha, yaani feni, na kifaa hicho kinaweza kubadilishwa na mtu mwenye bisibisi moja.

Suala hili si la starehe ya masikio peke yake. Feni inapochoka, prosesa hupata joto, hujipunguzia kasi ili isiungue, na hatimaye kompyuta hujizima katikati ya kazi. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuibeba hadi Kariakoo na kurudi nayo jioni. Mwenye stesheneri katika kata kama Masieda, wilayani Mbulu mkoani Manyara, hana njia hiyo. Kwake yeye, kuharibika kwa feni kunaweza kumaanisha wiki nzima bila kuchapa barua wala kutoa nakala za mitihani, pamoja na nauli ya kuisafirisha mashine hadi mjini na gharama za fundi. Ndiyo maana makala haya yamechukua nyanda za juu za Mbulu kama mfano wake mkuu, ingawa mengi yatakayoelezwa yanamhusu hata msomaji aliyeko Ilala au Mwanza.

Kazi ya feni ni kuhamisha hewa, na hewa ndiyo inayobeba joto. Kila wati ya umeme inayoingia kwenye kompyuta hugeuka kuwa joto. Kompyuta inayotumia wati 100 hutoa joto sawa na balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati. Ili hewa inayotoka nyuma isizidi ile inayoingia mbele kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, kasha hilo linahitaji kupitisha takriban mita za ujazo 31 za hewa kwa saa, kwa kompyuta iliyoko usawa wa bahari.

Hapo ndipo Mbulu inapotofautiana na Dar es Salaam. Katika mwinuko wa mita 1,700, ambao ni wa kawaida katika nyanda hizo, hewa ni nyepesi. Mita moja ya ujazo iliyokuwa na uzito wa karibu kilo 1.17 pwani wakati wa joto, huko juu ina uzito wa takriban kilo 0.98. Feni huzungusha ujazo uleule wa hewa popote ilipo, lakini ujazo huo wa mlimani umebeba hewa pungufu, na kwa hiyo unaondoa joto pungufu. Kompyuta ileile ya wati 100 itahitaji takriban mita za ujazo 37 kwa saa badala ya 31.

Je, hiyo ina maana kwamba kompyuta ya Mbulu hupata joto zaidi? La hasha. Tuchukue kompyuta ya wati 200 yenye feni inayopitisha mita za ujazo 50 kwa saa. Dar es Salaam, mchana wenye nyuzi 31, hewa itatoka nyuma ikiwa na nyuzi 43 hivi. Mbulu, chumbani mwenye nyuzi 21, itatoka ikiwa na nyuzi 36 hivi. Baridi ya mlima inafidia wepesi wa hewa na chenji inabaki. Hitimisho la hesabu hiyo ni la manufaa sana kwa mnunuzi: mtu wa Mbulu, Karatu au Iringa anaweza kuzungusha feni zake polepole na kwa utulivu kuliko mtu wa pwani. Adui yake mkubwa ni vumbi, ambalo tutalirudia.

Ukubwa ndio mwanzo wa uchaguzi

Feni za kompyuta hupimwa kwa upana wa fremu yake kwa milimita. Zinazopatikana zaidi ni za milimita 80, 92, 120 na 140, nyingi zikiwa na unene wa milimita 25. Wanunuzi wengi hukosea kwa kupima umbali kati ya matundu ya skrubu wakidhani ndio ukubwa wa feni. Matundu ya feni ya 80 yameachana kwa milimita 71.5, ya 92 kwa 82.5, ya 120 kwa 105, na ya 140 kwa 124.5. Anayeagiza kwa simu kutoka kijijini afadhali apime vyote viwili na kuviandika kwenye karatasi kabla ya kupiga, kwa sababu kurudisha bidhaa kwa basi ni gharama nyingine.

Kanuni ya jumla ni kwamba feni kubwa inayozunguka polepole ni tulivu kuliko ndogo inayozunguka kwa kasi, hata kama zote zinahamisha kiasi kilekile cha hewa. Feni ya 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la 80, kwa hiyo haina haja ya kuhangaika. Fizikia ya feni ni kali katika jambo hili. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa huongezeka mara mbili, lakini msukumo huongezeka mara nne, umeme unaotumika huongezeka mara nane, na kelele hupanda kwa takriban desibeli 15. Kwa maneno mengine, kushusha feni kutoka mizunguko 2,000 kwa dakika hadi 1,000 kunapunguza hewa kwa nusu tu, ilhali kelele inashuka kiasi kwamba mtu aliyekaa kando anaweza kudhani mashine imezimwa. Kwa kompyuta ya kazi za kawaida za ofisi, feni mbili za 120 zinazozunguka kati ya mara 700 na 1,000 kwa dakika zinatosha kabisa.

Kuhusu desibeli, msomaji anapaswa kuelewa kuwa hazijumlishwi kama shilingi. Feni mbili za desibeli 25 haziwi 50, zinakuwa 28. Sikio nalo huhesabu ongezeko la desibeli 10 kuwa takriban mara mbili ya kelele. Hesabu hiyo inaonekana ndogo hadi pale tunapoingia katika chumba cha kompyuta cha shule. Kompyuta 20, kila moja ikitoa desibeli 35, zikichukuliwa kana kwamba zote ziko umbali mmoja na msikilizaji, hufikisha desibeli 48. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa somo. Mwalimu aliye mbele ya chumba hicho analazimika kupaza sauti kipindi kizima, na mwanafunzi wa safu ya nyuma, ambaye huenda Kiswahili chenyewe amekijulia shuleni baada ya Kiiraqw cha nyumbani, anakosa maneno ya Kiingereza ambayo tayari ni magumu kwake. Mashine zilezile zikiwekewa feni za desibeli 20, chumba kizima kinashuka hadi desibeli 33. Ni tofauti ambayo bajeti ya shule inaweza kuimudu kidogo kidogo, kwa kubadilisha feni chache kila muhula.

Takwimu za kwenye boksi na jinsi zinavyodanganya

Kwenye boksi la feni huandikwa kiasi cha hewa, msukumo na kelele. Takwimu ya hewa hupimwa feni ikiwa wazi, bila kizuizi chochote mbele yake. Takwimu ya msukumo, inayotolewa kwa milimita za maji, hupimwa tundu likiwa limezibwa kabisa. Hakuna kompyuta yoyote inayofanya kazi katika mojawapo ya hali hizo mbili. Feni halisi hufanya kazi katikati, ikisukuma hewa kupitia matundu ya bati, chujio la vumbi na mbavu za alumini zilizobanana juu ya prosesa.

Kwa sababu hiyo, feni ya kufunga nyuma ya kasha, ambako njia ni wazi, ichaguliwe kwa wingi wa hewa. Ile ya kufunga mbele nyuma ya chujio, au juu ya mbavu za prosesa, ichaguliwe kwa msukumo. Feni ya 120 yenye msukumo wa zaidi ya milimita 2 za maji inafaa kwa kazi hiyo ya pili.

Mfano unaotajwa sana na wapenzi wa utulivu ni NF-A12x25 ya kampuni ya Noctua ya Austria, iliyotoka mwaka 2018 kwa bei ya euro 29.90 kwa feni moja. Kwa mizunguko 2,000 inahamisha mita za ujazo 102 kwa saa, msukumo wake ni milimita 2.34, na kelele yake kwa mujibu wa kampuni ni desibeli 22.6. Ni feni nzuri mno, lakini mwandishi wa makala haya haoni sababu ya ofisi ya kawaida kulipa fedha hizo. Arctic P12, yenye mizunguko 1,800 na msukumo wa milimita 2.2, inakaribia uwezo huo kwa sehemu ndogo ya bei, na ikipunguzwa kasi hadi mizunguko 1,000 masikio ya wengi hayatazitofautisha. Fedha zinazobaki zinaweza kununua feni ya akiba, na kwa mtu aliyeko Masieda feni ya akiba kabatini ina thamani kuliko desibeli mbili za ziada.

Tahadhari inahitajika kwa feni zisizo na jina zinazodai desibeli 15 zikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Mwandishi huyu aliwahi kununua moja ya aina hiyo katika duka moja jijini Dar es Salaam, yenye taa za rangi za kupendeza na maneno makubwa kwenye boksi. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa kimya. Mwezi wa tatu ilianza kulia kama chuma kinachosugua chuma, na mwuzaji alipoulizwa alisema feni haina waranti kwa sababu “ni kitu cha kuzunguka”. Wanunuzi wanaweza kupeleka malalamiko ya bidhaa bandia kwa Tume ya Ushindani, lakini ni vigumu kuona mtu akifanya hivyo kwa feni moja. Dawa ni kuinunua ikiwa imewashwa, kuitega sikio dukani, na kudai risiti.

Beringi ndiyo roho

Ndani ya kitovu cha feni kuna beringi, na hiyo ndiyo inayoamua itadumu muda gani. Aina rahisi kuliko zote ni ya bomba, ambayo mhimili huzunguka ndani ya bomba dogo lililopakwa mafuta. Ni tulivu ikiwa mpya, lakini mafuta hukauka kwa joto, hasa feni ikiwa imelazwa badala ya kusimamishwa. Ya gololi hustahimili joto na mikao yote, ila ina mvumo mwembamba tangu siku ya kwanza. Ya tatu ni ya mafuta yenye mgandamizo, ambayo mhimili huelea juu ya tabaka jembamba la mafuta lililozibiwa lisitoke. Hii ndiyo inayopendekezwa kwa anayetaka utulivu na maisha marefu kwa pamoja.

Watengenezaji hutangaza saa za uhai. Saa 30,000 ni karibu miaka mitatu na nusu kwa mashine isiyozimwa, na saa 150,000, ambazo Noctua hutangaza, ni miaka 17. Takwimu hizo zisichukuliwe kama ahadi. Hutegemea joto la maabara zilikopimwa, na maabara hizo hazina vumbi la mwezi Septemba.

Vumbi hilo, katika ukanda wa kaskazini, huja na kiangazi cha kati ya Juni na Oktoba, wakati upepo unapofagia mashamba yaliyokwisha kuvunwa na mifugo inapopita kwenye njia kavu. Hujikusanya kwenye mbavu za prosesa na kufanya blanketi. Feni yenye akili huhisi joto likipanda na kuongeza kasi, na mwenye kompyuta huja kulalamika kuwa feni imeharibika. Kabla ya kununua chochote, fungua kasha na usafishe. Mara nyingi kelele huisha hapo hapo bila shilingi kutumika. Unapopuliza kwa bloa, zuia mapanga ya feni kwa kidole au penseli yasizunguke, kwani bloa inaweza kuyazungusha kupita kasi ambayo beringi imeundwa kuistahimili.

Njia ya kudumu ni kuhakikisha hewa inayoingia ni nyingi kuliko inayotolewa kwa nguvu, na kwamba yote inaingia kupitia chujio. Feni mbili mbele zenye chujio na moja nyuma hufanya kasha lijae hewa kidogo, hivyo kila mwanya hutoa hewa badala ya kunyonya vumbi. Mpangilio ukiwa kinyume, yaani feni za kutoa zikizidi, vumbi huingia hata kwenye tundu la flashi. Asiye na chujio cha dukani anaweza kukata soksi nyembamba za kike na kuzivuta juu ya fremu, mradi azifue kila baada ya wiki chache. Hewa hutoka upande wenye nguzo zinazoshika kitovu, ambako pia hubandikwa lebo. Makasha mengi yaliyofungwa na mafundi wa haraka yana feni zilizogeuzwa, zikisukumana.

Kompyuta zilizotumika na mtego wa pini

Kompyuta nyingi katika shule na stesheneri zetu zilikwisha kutumika Ulaya, Marekani au Uarabuni kabla ya kufika hapa. Hizi zina hadithi yake. Mashine za enzi ya Pentium 4 ya mwaka 2004 zilikuwa na prosesa zilizoweza kutoa wati zaidi ya 100, na kelele zake bado zinakumbukwa. Zilipokuja Core 2 Duo mwaka 2006, nyingi zilitengenezwa kwa wati 65, na kutoka hapo ofisi zilianza kupumua. Wanaonunua mtumba leo, basi, wanaweza kukata nusu ya tatizo la kelele kwa kuchagua prosesa inayokula umeme kidogo.

Feni za kawaida zina waya mbili, tatu au nne. Wa waya mbili hauna mawasiliano yoyote. Wa tatu hupeleka habari ya kasi kwenye mazabodi, nayo hupunguza kasi kwa kushusha volti kutoka 12. Wa nne hupokea amri kwa mapigo ya umeme takriban 25,000 kwa sekunde, huku volti ikibaki 12, na ndio unaoweza kushuka hadi kasi ndogo kabisa bila kusita. Feni ya pini tatu huingia kwenye soketi ya pini nne na kufanya kazi, ingawa kwenye baadhi ya mazabodi itazunguka kwa kasi yote hadi mipangilio ya bayosi ibadilishwe.

Mtego uko kwenye mashine za kampuni kubwa. Baadhi ya Dell OptiPlex, kwa mfano, zina soketi ya pini tano ambayo feni ya dukani haiingii. Mafundi hukata waya na kuunganisha kwa kubahatisha. Wakikosea, kompyuta inapowashwa huonyesha onyo kuwa feni imeshindwa na kusimama ikisubiri mtumiaji abonyeze F1 kila asubuhi. Mwenye mashine ya namna hiyo anashauriwa kutafuta feni ya asili kutoka kwenye mashine iliyokufa ya modeli ileile, kusafisha, na kuangalia kama mapanga yanazunguka kwa kusukumwa na pumzi tu. Yakikwama, beringi imekwisha.

Kwa anayetumia sola, feni si mzigo wa kuogopwa. Nyingi za 120 hutumia wati moja hadi tatu kwa kasi yote, na chini ya hapo zikipunguzwa. Ajabu ni kwamba baada ya kutuliza kompyuta wengi hugundua kuwa mpiga kelele aliyebaki ni inveta yenyewe.

Mtetemo nao usisahaulike. Feni nzuri iliyokazwa kwa skrubu kwenye bati jembamba hulifanya bati liimbe. Vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, vilivyotobolewa katikati na kuwekwa kati ya fremu na bati, humaliza jambo hilo kwa gharama isiyofika ya chai.

Baada ya kufunga, ingia kwenye bayosi uchague kasi ifuate joto la prosesa, kisha tumia programu ya bure kama HWMonitor kusoma joto hilo wakati mashine inafanya kazi nzito kwa nusu saa. Likibaki chini ya nyuzi 80 kuna nafasi ya kupunguza kasi zaidi. Likivuka 90, angalia kwanza kama pesti kati ya prosesa na mbavu zake imekauka, kwa sababu hakuna feni itakayofidia pesti iliyogeuka chaki. Jaribio hilo lifanyike saa nane mchana wa mwezi wa joto. Kompyuta iliyopimwa alfajiri ya Julai katika baridi ya Mbulu itatoa majibu ya kufurahisha, na mwezi Februari itazima katikati ya kuchapa matokeo ya mtihani.